Kuchagua kituo cha kuteleza thelujini kwa familia yenye uwezo tofauti: dhana potofu na ukweli

Mwaliko ulitoka Munich. Dada yangu, aliyeolewa huko, alitaka sisi wa Dodoma tukae nao likizo ya Desemba kisha twende wote milimani, na mimi kama kaka mkubwa nikaachiwa kazi ya kuchagua mahali. Tulikuwa tisa: wanawe wawili waliozaliwa huko, ambao huteleza kwa wepesi ule ule ambao watoto wa Chamwino hukimbia peku, shemeji, ambaye ana uwezo wa wastani, dada mwenyewe, ambaye hujitahidi, mimi na mke wangu, ambao hatukuwahi kukanyaga theluji, watoto wetu wa miaka 6 na 13, na mama, mwenye miaka 71 na magoti yanayomsumbua hata akipanda ngazi za kanisani.

Nilichagua kwa kufuata sifa. Uwanja wa wanaoanza ulikuwa chini bondeni, kwenye kivuli, na wapwa zangu walilazimika kupanda basi kwenda mlima mwingine kila asubuhi. Mama alikaa chumbani akitazama maegesho ya magari. Kwa siku sita familia iliyosafiri kutoka mabara mawili ili ikae pamoja ilikutana wakati wa chakula cha jioni tu, wengi wakiwa wamechoka na mmoja akiwa amenuna. Tangu niliporudi, kila nikizungumza na wenzangu wenye ndugu huko nje, nasikia dhana zile zile zilizonipoteza mimi.

Dhana: Kituo kikubwa na maarufu kitamfaa kila mmoja

Ukubwa humfaa anayejua. Les Trois Vallées, huko Ufaransa, ina takriban kilomita 600 za njia za kuteleza zilizounganishwa, na kwa kijana mzoefu hiyo ni neema. Lakini anayeanza hutumia karibu juma lake lote la kwanza kwenye mita mia chache za mteremko mdogo, na akikatiwa tiketi kamili atakuwa amelipia milima asiyoiona. (Vituo vingi huuza tiketi ndogo ya wanaoanza, lakini mara nyingi ni lazima uiulizie.) Chamonix nayo, ilikofanyika Olimpiki ya kwanza ya majira ya baridi mwaka 1924, ni jina zito, ila maeneo yake ya kuteleza yametawanyika bondeni na baadhi huunganishwa kwa basi, kwa hiyo watu wenye uwezo tofauti wakishaachana asubuhi, kukutana mchana huwa ni safari nyingine.

Aliyewahi kuipeleka familia kuona michoro ya miambani kule Kolo, Kondoa, atanielewa upesi. Mlima ule ni mkali. Vijana hufika juu wakicheka, wazazi hufika wakihema, na bibi hubaki kwenye kivuli pamoja na dereva. Hakuna anayelalamika, kwa sababu kila mmoja hupanda kadiri ya pumzi yake na wote hurudi kwenye gari lile lile. Katika kituo cha theluji swali la kwanza ni hilo hilo: gari liko wapi? Yaani, ni wapi ambapo njia za wazoefu, uwanja wa wanaoanza, na vile vibanda vinavyoning'inia kwenye waya, ambavyo hapa nitaviita kebo, vinakutana, pakiwa na mgahawa ambao hata asiyeteleza anaufikia kwa viatu vyake vya kawaida?

Jibu linapatikana kwenye ramani ya njia, ambayo kila kituo huitoa bure. Weka kidole kwenye uwanja wa wanaoanza, kisha fuata njia za wazoefu moja baada ya nyingine uone ngapi zinarudi karibu na hapo. Huko Serfaus, katika jimbo la Tyrol nchini Austria, eneo la watoto limewekwa juu, kwenye kituo cha kebo cha Komperdell, badala ya kutupwa pembeni ya kijiji. Tena tangu mwaka 1985 kijiji hicho kina treni ndogo ya chini ya ardhi inayowafikisha watu kwenye kebo, kwa hiyo mzazi habebi vibao vya kutelezea, vile virefu vinavyofungwa miguuni, vya watu watatu barabarani huku akimvuta mtoto wa nne. Hilo linaonekana dogo hadi utakapovaa mwenyewe vile viatu vigumu vya kutelezea.

Dhana: Rangi za njia ni zile zile duniani kote

Hapa ndipo watu huumia. Marekani na Kanada, duara la kijani ni njia rahisi, mraba wa bluu ni ya kati, na almasi nyeusi ni ngumu. Ufaransa hutumia kijani, bluu, nyekundu na nyeusi. Austria, Ujerumani na Uswisi kwa kawaida huanzia bluu, na hawana kijani. Kwa hiyo mtu aliyefundishwa Colorado, Marekani, na kuzoea bluu ya huko atashangaa jinsi bluu ya Tyrol ilivyo nyepesi, na aliyejifunzia Tyrol akienda Colorado kwa imani kwamba bluu ni ya wanaoanza, atajikuta mahali asipopataka.

Kanuni zinazotumika Austria na Ujerumani zinasema njia ya bluu isizidi mteremko wa asilimia 25 isipokuwa kwa vipande vifupi, na nyekundu isizidi asilimia 40. Asilimia 25 maana yake ni kushuka mita 25 kwa kila mita 100 za umbali wa mlalo. Hata hivyo namba hiyo haisemi kila kitu. Njia inaweza kuwa ya bluu na bado ikawa nyembamba kama kichochoro, upande mmoja msitu na upande mwingine korongo, na anayeanza huogopa wembamba kuliko mteremko. Vilevile njia ya kurudi kijijini saa kumi jioni, theluji ikiwa imekwanguliwa hadi barafu na watu wote wakishuka kwa pamoja, si njia ile uliyoiona asubuhi. Uliza kama anayeanza anaweza kushuka kwa kebo, kwa sababu baadhi ya lifti za viti, yaani viti vinavyoning'inia kwenye waya, hazichukui watu kwenda chini.

Dhana: Asiyeteleza atabaki hotelini

Atabaki iwapo mchaguaji hakumfikiria, kama nilivyofanya mimi. Wengen na Mürren, vijiji vya Uswisi visivyoingia magari, vina njia za kutembea kwenye theluji iliyoshindiliwa. Zermatt, ambako pia magari ya kawaida hayaruhusiwi, kuna reli ya Gornergrat iliyofunguliwa mwaka 1898 na inayopanda hadi mita 3,089, ambako bibi aliyekaa kwenye kiti chake anaona mlima Matterhorn vizuri kama anayeteleza, pengine vizuri zaidi kwa kuwa haangalii miguu yake. Kuna pia kuteleza kwa kijigari cha mbao cha kukalia, mchezo ambao watoto wetu waliupenda kuliko masomo yote waliyolipiwa.

Tahadhari moja kwa wazee: Dodoma iko kwenye kimo cha mita 1,100 na ushee, jambo ambalo halimwandai mtu kwa kimo kikubwa. Kituo cha treni cha Jungfraujoch, Uswisi, kiko mita 3,454, si mbali sana na kimo cha kambi ya Horombo kwenye Kilimanjaro, ila hapa unafika kwa treni bila zile siku mbili za kutembea zinazouzoesha mwili. Mwenye tatizo la moyo au pumzi amwone daktari kabla ya tiketi kukatwa.

Dhana: Anayejua atawafundisha wengine

Shemeji alijaribu. Saa mbili baadaye mke wangu alivua vibao na kwenda kunywa chai, na mimi sikuuliza kilichosemwa. Mlipieni mwalimu, na kabla ya kuchagua kituo hakikisheni kina mwalimu wa lugha mnayoielewa na kwamba kinapokea mtoto wa umri wenu, kwani vingi huanzia miaka mitatu au minne. Na dukani, mnapokodi vibao, semeni uzito na uwezo wenu wa kweli: vibanio vinavyoshika kiatu hukazwa kwa kuzingatia uzito, urefu, umri na uwezo, na anayejikweza huenda akaanguka bila kibao kuachia mguu.

Dhana: Kwa mtu wa nchi ya joto, adui ni baridi peke yake

Adui mkubwa zaidi ni unyevu. Sweta zito la pamba hulowa jasho wakati wa kuhangaika, kisha huganda kwenye lifti; tabaka tatu nyepesi, la nje likiwa haliingizi maji, hushinda koti moja nene. Usidharau mitumba ya Sabasaba. Koti langu nililipata huko, na sikujua ni la nini mpaka wapwa zangu waliponionyesha: lilikuwa na mfuko mdogo wa zipu kwenye mkono wa kushoto, karibu na kifundo, ambao ni wa kadi ya lifti, kwa sababu lango huisoma kadi mtu akipita bila kuitoa, na ndani kiunoni lilikuwa na kisketi chenye mpira wa kuzuia theluji kupanda mgongoni ukianguka. Madereva wa bodaboda wengi wa Dodoma huvaa makoti kama hayo alfajiri za kipupwe bila habari ya mlima yalikotoka.

Jua nalo lisisahaulike. Theluji mpya huweza kurudisha hadi asilimia 80 ya mionzi ya urujuanimno, ile mionzi ya jua inayounguza ngozi, na mionzi yenyewe huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000. Ngozi nyeusi huchelewa kuungua, lakini huungua, na macho hayana rangi ya kuyakinga.

Dhana: Desemba theluji ni ya uhakika

Likizo ya shule zetu hutulazimisha kwenda wakati wa Krismasi, ambapo bei hupanda huku theluji ya vijiji vya chini ikiwa bado ya kubahatisha. Kitzbühel ya Austria, pamoja na umaarufu wake wote, iko kwenye mita 760 hivi. Val Thorens ya Ufaransa iko mita 2,300. Kwa familia yenye mzee, ninapendelea kijiji cha chini cha kulala chenye kebo inayopanda moja kwa moja hadi kwenye theluji ya juu.

Likizo ya Juni, kwa upande mwingine, inaangukia kwenye msimu wa Lesotho. Kituo cha Afriski, kwenye milima ya Maluti, kiko zaidi ya mita 3,000 juu ya usawa wa bahari, kina mashine za kutengeneza theluji, na njia yake kuu ni ya kilomita moja hivi. Vijana wazoefu wataimaliza kabla ya chai ya saa nne. Kwa familia ambayo wote wanaanza, inatosha.

Dhana: Bima ya viza inatosha

Bima ya viza ya Schengen, ile ya kuingilia nchi nyingi za Ulaya, hutakiwa kugharamia matibabu ya dharura kwa kiwango kisichopungua euro 30,000, lakini nyingi huitenga michezo ya theluji. Somo hili ni fupi: someni karatasi yenyewe. Italia, tangu Januari 2022, humtaka kila anayeteleza awe na bima ya madhara kwa watu wengine.

Dhana: Familia iliyoshikamana huteleza pamoja siku nzima

Kuwafunga kamba moja wepesi na wazito huwachosha wote. Mara ya pili tulikwenda kwenye kijiji kidogo cha Tyrol ambacho wapwa zangu walikidharau kwa jina, na tulikubaliana jambo moja tu, kwamba saa sita na nusu kila mtu awe kwenye mgahawa ulio kando ya kituo cha kati cha kebo. Wapwa walifika wakitokea kwenye njia nyeusi, sisi tulifika tukitokea kwenye uwanja wa wanaoanza, na mama, aliyepanda kwa kebo akiwa na khanga yake juu ya koti, alikuwa ameshatandaza glavu zake kwenye viti vinane ili pasikae mtu mwingine.