Kibodi yako haijaharibika

Wapo mafundi hapa Kampala ambao, wakibonyeza Backspace ndani ya PuTTY (programu ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali) na kuona ^H badala ya herufi kufutika, hukimbilia dukani kununua kibodi nyingine. Pesa za bure hizo! Kibodi haizungumzi na seva. Programu ndiyo inayogeuza kitufe kuwa namba, ikijifanya terminali ya kale (kioo na kibodi vya kuzungumza na kompyuta kubwa) kama VT100, ambayo kampuni ya DEC iliitoa mwaka 1978. Backspace hutumwa kama 8 au kama 127, na wakongwe wa kompyuta hawakuwahi kukubaliana. Seva ikingoja 127 nawe ukatuma 8, utaandikiwa ^H, yaani alama ya namba 8. Badilisha namba hiyo kwenye mipangilio ya PuTTY, sehemu ya Keyboard. Au andika kwenye seva amri ya kuiambia ifute ikipokea 8: stty erase ^H.