Je, wajua kwa nini mtu husikia kila neno na bado asielewe?

Mwaka 1972 wanasaikolojia wawili wa Marekani, John Bransford na Marcia Johnson, waliwasomea watu maelezo ya kazi fulani. Kwanza unatenga vitu katika mafungu. Huenda fungu moja likatosha. Ni afadhali kufanya vichache kuliko vingi kwa mpigo. Ukimaliza unavirudisha mahali pake, kisha siku moja mzunguko unaanza upya. Maneno mepesi, sarufi haina kasoro, lakini wasikilizaji walitoka kapa. Wenzao waliodokezwa mapema kwamba ni habari ya kufua nguo walielewa bila taabu. Kinachonivutia zaidi ni kundi la tatu: waliambiwa mada baada ya kusomewa, na haikuwasaidia kitu.

Kumbe kueleweka hakukai ndani ya maneno peke yake. Hata sauti yenyewe iko hivyo. Mwaka 1981 Robert Remez na watafiti wenzake walichukua sentensi iliyorekodiwa wakaipunguza mpaka ikabaki miluzi mitatu ya kompyuta inayopanda na kushuka. Wengi walioisikia bila kuambiwa chochote walidhani ni kelele za ajabu tu. Walioambiwa ni usemi, wengi wao walianza kupata maneno. Miluzi ni ileile.

Ndiyo maana pia kuelewana kwa lugha za jirani si lazima kuwe sawa pande zote. Kwa kawaida Mreno humwelewa Mhispania kuliko Mhispania anavyomwelewa Mreno. Sababu moja ni matamshi: Kireno cha Ulaya humeza irabu nyingi, ilhali Kihispania huzitamka wazi. Mazoea nayo yana sehemu yake.

Wanafalsafa walilisogeza swali mbele: je, ulimwengu wenyewe unaeleweka? Plato, katika kitabu chake Jamhuri, alitenga vinavyoonekana kwa macho na vinavyofahamika kwa akili. Chora duara kwa ustadi wowote ule, litakuwa na kombo mahali. Lakini mwanajiometri hazungumzii mchoro huo, anazungumzia duara lenyewe, ambalo hakuna jicho lililowahi kuliona. Kwa Plato, hilo la akilini ndilo halisi zaidi.

Immanuel Kant, mwaka 1781, aliugeuza mzigo. Alisema akili haipokei tu, bali huja na maumbo yake, kama vile nafasi, wakati, na sababu na matokeo, na bila hayo hakuna kinachoweza kujulikana. Vitu jinsi vilivyo vyenyewe, nje ya maumbo hayo, hatuvijui. Nikisoma hoja hiyo huwakumbuka wale waliocheleweshewa mada ya kufua.

Lakini kesi ngumu kuliko zote, kwa maoni yangu, ni ya Newton. Kanuni yake ya mvutano ya mwaka 1687 ilikokotoa mienendo ya sayari kwa usahihi wa kushangaza, ila hakuna aliyeelewa Jua linaivutaje Dunia bila kuigusa. Leibniz, mwanafalsafa na mwanahisabati wa Kijerumani, alilalamika kwamba huko ni kurudisha nguvu za mazingaombwe katika sayansi. Newton mwenyewe, katika barua ya mwaka 1693, aliliita wazo la kitu kutenda kwa mbali bila chochote katikati kuwa upuuzi mkubwa. Katika toleo la pili la kitabu chake, mwaka 1713, alikiri kwamba hajaipata sababu ya mvutano wala hatabuni dhana ya kuieleza. Inatosha, alisema, kwamba upo na unafuata kanuni alizozionyesha.