Mahindi yako mabichi, marejesho ni kesho

Miaka ile nikiwa afisa mikopo vijijini Mbozi, wakubwa walikuwa wananiuliza swali moja tu, marejesho yamefika asilimia ngapi. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama kipato cha yule mama aliyekopa kimepanda. Na hayo ni mambo mawili tofauti kabisa jamani, mtu anaweza akarejesha wiki zote bila kukosa hata moja na bado akamaliza mwaka akiwa na hali mbaya kuliko alivyoanza, maana hela ya marejesho kaitoa kwa kuuza mbuzi.

Tupige hesabu. Mkulima kachukua laki 5 mwezi wa 11, riba laki 1, anarejesha kwa wiki 24. Hiyo ni elfu 25 kila wiki, na anaanza wiki inayofuata tu. Sasa mahindi ndo kwanza yanapandwa, palizi bado, mavuno ni kuanzia mwezi wa 5 au 6 huko. Hiyo elfu 25 inatoka wapi? Inatoka kwenye ule ule mkopo, yani hela ya mbolea inarudi ofisini kabla mbolea haijanunuliwa, na ikiisha anakimbilia kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba ya kuumiza. Halafu watu wanasema mkulima hakopesheki!

Marejesho ya kila wiki yanamfaa muuza vitumbua, yeye anashika hela kila siku. Mfumo huu ulisambaa kutoka Bangladesh, kwenye Grameen ya Muhammad Yunus, aliyepata Nobel 2006 pamoja na benki yake, na mashirika mengi yakaubeba kama ulivyo mpaka kwa mtu anayevuna mara moja kwa mwaka.

Kuhusu kipato chenyewe, utafiti ninaourudia sana ni wa vijijini Moroko, uliotoka 2015 pamoja na nyingine tano za Bosnia, Ethiopia, India, Mexico na Mongolia. Waliokopa waliongeza mifugo na kilimo na faida ikapanda kweli, ila wakapunguza kwenda kufanya vibarua kwa wengine, kwa hiyo ukijumlisha vyote matumizi ya nyumbani yalibaki pale pale. Mimi sioni kama hiyo ni hasara tupu, maana kufanya kazi shambani kwako badala ya kwa tajiri ni kitu kikubwa, lakini tusiwaambie watu kwamba mkopo peke yake unamtoa mtu kwenye umaskini.

Kilichonibadilisha akili ni Bungoma, magharibi mwa Kenya. Kule baada ya mavuno kila mtu anauza kwa pamoja kwa sababu ana shida ya hela, ada ya Januari inakuja, bei iko chini, halafu miezi michache baadaye yule yule anarudi sokoni kununua mahindi kwa bei ya juu. Watafiti pamoja na One Acre Fund, shirika linalokopesha wakulima wadogo, wakawapa wakulima mkopo wakati wa mavuno, yani wakati ambao wengi tungesema huyu ana mahindi ndani, mkopo wa nini. Mkulima akalipa ada kwa mkopo, mahindi yakabaki stoo, akauza bei ikipanda. Kila shilingi 100 ya mkopo ilizaa kama 29! Na pale waliokopa walipokuwa wengi, bei ya wakati wa mavuno haikushuka sana, kwa hiyo hata jirani ambaye hakukopa akanufaika.

Mafunzo nayo yana shida hiyo hiyo ya kupewa nguo isiyo saizi yako. Dar es Salaam walijaribu kuwapa wakopaji wadogo mafunzo ya biashara pamoja na ruzuku ya mtaji, wanaume wakaongeza mauzo na faida, wanawake hawakusogea hivyo. Anayejua mzigo wa mama nyumbani, na nani anashika hela ndani ya ile nyumba, hatashangaa. Nimefundisha sana leja na mizania, najua watu wanaitikia "ndiyo mwalimu" halafu daftari linabaki jeupe. Ila siku niliyofundisha kukausha mahindi vizuri na kuyatunza kwenye mifuko isiyopitisha hewa ili dumuzi asiyamalize, waliendelea kuniuliza maswali mpaka giza likaingia, kwa sababu bila hiyo stoo huo mkopo wa kusubiri bei hauna maana, utakuwa umekopa ili ulishe wadudu.

Siku hizi nikikaa na kikoba cha wakulima naanza na kalenda kabla ya katiba ya kikundi. Kila mmoja anataja mwezi anaoshika hela na mwezi anaokauka. Kikundi kimoja cha akina mama wamekubaliana kulipa riba tu mpaka mwezi wa 7, mtaji baada ya hapo, na mkopo mdogo wa pili unatoka mavuno yakianza ili mtu asiuze kwa lumbesa. Mhasibu wao aliogopa kwamba wengine watakimbia, na hofu yake ina msingi, kule Kolkata wakopaji waliopewa miezi 2 kabla ya rejesho la kwanza walipata faida kubwa zaidi baadaye lakini walioshindwa kulipa nao waliongezeka. Kwa hiyo wakaongeza sharti, gunia 2 za kila mkopaji zinakaa stoo ya kikundi na funguo wanashika watu watatu.