Chanjo haikuwapa korona, wazee wangu

Wazee wetu wa draft pale Kaloleni, wale wamestaafu na wanacheza na vizibo vya soda toka asubuhi, bado wanasema ati chanjo ya 2021 ndio iliwapa korona. Babangu pia mwanzoni alisema hivyo. Alidungwa AstraZeneca, usiku akashikwa na homa, mkono ukauma hadi kusukuma kizibo ikawa shida, basi akaamini amewekwa ugonjwa.

Hapana jamani. Ndani ya ile chanjo hakukuwa na kirusi cha korona hata kimoja, kulikuwa na kirusi kingine cha mafua ya sokwe kimepunguzwa nguvu kisizaane mwilini, kazi yake kubeba maelezo ya ile miiba iliyo juu ya kirusi cha korona ndio mwili uijue mapema. Ile homa ni kinga ikiamka, na kwa wengi huisha siku moja mbili.

Alafu kinga huchukua wiki kadhaa kujijenga, kwa hivyo mtu angeweza kuambukizwa hapo hapo kwa bodi, wazee wanne wameinamiana, barakoa ziko kidevuni, lawama zote zinaenda kwa sindano. Baba nilimweleza hivyo polepole, dozi ya pili alienda mwenyewe.