Bushiri na Kinjeketile katika kipindi kimoja cha darasani

Katika shule nyingi, mwalimu wa Kiswahili wa kidato cha tatu humaliza diwani ya mashairi kwanza, kisha riwaya, kisha tamthiliya. Kila kitabu na wiki zake, kila kitabu na daftari lake la uchambuzi. Mwanafunzi anaingia chumba cha mtihani na vitabu ambavyo kichwani mwake havijawahi kukutana. Sisi tunaofunda walimu hapa Tanga tunashauri njia nyingine: chagua dhamira moja, kisha uziite tanzu mbalimbali za fasihi ziizungumzie.

Chukua upinzani dhidi ya ukoloni. Bushiri bin Salim, aliyeongoza vita vya pwani dhidi ya Wajerumani kuanzia 1888, alinyongwa hapa hapa mkoani, Pangani, Desemba 1889. Hemedi bin Abdallah, mtu wa zama hizo hizo, akavitungia vita hivyo utenzi. Miaka takriban 80 baadaye Ebrahim Hussein akaandika tamthiliya ya Kinjeketile (1969), juu ya Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907 kule kusini.

Viweke vyote viwili mezani. Utenzi una msimulizi anayetushika mkono tangu ubeti wa kwanza, mishororo minne minne, mizani minane minane, na kina cha mwisho kinachorudi ubeti hadi ubeti ili mghani asipotee. Tamthiliya haina msimulizi huyo. Imani ya watu kwamba maji ya dawa yatawakinga na risasi, na shaka ya Kinjeketile mwenyewe, mganga aliyewapa maji hayo, vinagongana jukwaani, na msomaji anaachiwa apime. Mwanafunzi aliyeliona hili kwa macho yake hahitaji kukaririshwa tofauti za ushairi na tamthiliya. Na fasihi simulizi isisahaulike: watoto wa Pangani waulize nyumbani wazee wanasimulia nini juu ya Bushiri, waje nacho darasani.

Hatari ipo, nami nimeiona mara nyingi. Mwanafunzi anaandika “dhamira ni ukombozi” chini ya kila kitabu, basi. Dhamira ikimeza fani, yaani namna kazi ilivyotungwa, hatujafundisha fasihi. Ndiyo maana swali la mwalimu liwe: utanzu huu umemwezesha mtunzi kusema nini ambacho ule mwingine usingeweza?

Zoezi ninalolipenda kuliko yote ni kuhamisha tukio. Toa beti chache za utenzi, waambie wazigeuze mazungumzo. Darasa moja nililoketi nyuma yake, kijana aliandika mistari miwili akakwama. Akanyoosha mkono: “Mwalimu, hapa tumeambiwa Bushiri alifanya nini. Hatujaambiwa usiku ule alimwambia nani.” Mwalimu hakumjibu. Alimsogezea karatasi nyingine tupu, na kijana akainama kuandika.