Kadi ya asilimia 0 haifuti deni

Kuna ile meseji inazunguka sana kwenye magrupu yetu ya huku Marekani, eti ukihamishia deni lako la kadi ya mkopo (credit card) kwenye kadi mpya ya asilimia 0 hulipi kitu, deni linakufa lenyewe. Sio kweli jamani. Deni linahama benki tu, na kulihamisha mara nyingi kuna ada ya asilimia 3 hadi 5, kwahiyo dola 5,000 zinakuwa 5,150 au hata 5,250 siku hiyohiyo. Hiyo sifuri ni ya riba, tena ya muda, mfano miezi 15 au 18, ukiisha kilichobaki kinaanza kuchajiwa riba ya kawaida ambayo saa zingine inapita asilimia 20. Nadhani kinachochanganya watu ni ile 0 kubwa kwenye tangazo, ada iko chini kwa herufi ndogo kama sisimizi. Kucheki ni rahisi, sheria ya huku inataka ofa iwe na jedwali la riba na ada, lisome kabla hujajaza fomu, angalia pia kama manunuzi mapya yamo kwenye hiyo sifuri maana saa zingine hayamo. Meseji ikikufikia basi iishie kwako, usiiforwadi, na aliyekutumia mwelekeze tu taratibu kwenye hilo jedwali.