Kula njama si kutenda kosa pamoja

Juma hili nimemsikia msomaji wa taarifa ya habari akisema kwamba mtuhumiwa wa wizi "alikula njama peke yake kwa miezi miwili" kabla ya kukamatwa. Si mara ya kwanza kusikia kauli ya namna hiyo, nami sikuona vema kuiacha ipite tena. Kisheria haiwezekani, kilugha haiwezekani, na kosa lenyewe ni zito kiasi cha kumpeleka mtu gerezani hata kama hakugusa mali ya mtu.

Kwa ufupi, kula njama ni kukubaliana, watu wawili au zaidi, kutenda jambo lililokatazwa na sheria, au kulifikia jambo halali kwa njia ya haramu. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, toleo la 2022, inaliweka kosa hili katika kifungu cha 384. Ile ya Kenya inaliweka katika kifungu cha 393, na anayekula njama ya kutenda kosa kubwa huweza kufungwa hadi miaka 7 ikiwa hakuna adhabu nyingine iliyotajwa. Njama ya kuua ina kifungu chake huko Kenya, cha 224, na kifungo chake hufika miaka 14.

Tulitazame neno lenyewe, maana kosa la mtangazaji yule linaanzia hapo. Kabla ya siasa kulichakaza hadi kila jambo lisilopendeza likaitwa njama za maadui, njama lilikuwa shauri la faragha: watu wamejitenga na wenzao, wameketi, wanazungumza jambo wasilotaka lisikike. Wakikuyu nao wana njama kwa maana ya baraza, na njama ya ita lilikuwa baraza la vita. Ndani ya neno hamna uovu. Uovu huja na lile linalokubaliwa. Kuhusu kitenzi kinacholitangulia, mimi nakiona kuwa ndugu wa kula kiapo na kula yamini, ambamo mtu hujifunga kwa neno lake mbele ya mwingine. Waingereza walichukua neno la Kilatini lenye maana ya kupumua pamoja. Sisi tumeshika kikao, wao wameshika pumzi, lakini pande zote mbili zinadai watu zaidi ya mmoja, kwa sababu hakuna baraza la mtu mmoja.

Sharti hili sheria imelishika kwa ukali ambao wengi hawautarajii. Katika rufaa iliyotoka Tanganyika hadi London, kwenye baraza lililokuwa ngazi ya mwisho ya rufani kwa nchi zilizokuwa chini ya Waingereza, shauri ambalo limo katika ripoti za sheria za 1957, iliamuliwa kwamba mume na mke peke yao hawawezi kula njama, kwa kuwa sheria ya Kiingereza iliwahesabu kuwa mtu mmoja. Mimi siamini kwamba hoja hiyo bado ina nguvu katika nchi ambako mke ana mali yake na kura yake. Hata hivyo inaonyesha jinsi majaji walivyoichukua idadi kwa uzito: wakibaki na mtu mmoja tu, kosa limeondoka.

Kuna kosa la pili, na hili hulisikia hata kwa watu waliosoma: kuichukulia njama kuwa sawa na kutenda kosa pamoja. Watu watatu wakivunja duka, kila mmoja huwajibika kwa uvunjaji huo kutokana na kanuni ya nia ya pamoja, ambayo yenyewe si kosa bali ni njia ya kuwagawia watu wajibu wa kosa lililokwisha kutendeka. Njama ni kosa linalosimama kwa miguu yake, nalo hukamilika siku ya kukubaliana, hata duka lisipoguswa na hata mmoja wao akighairi kesho yake. Mwaka 1611 wauza kuku wa London walikubaliana kumsingizia mwenzao unyang'anyi. Baraza la wazee lililopaswa kuidhinisha mashtaka likakataa, kwa kuwa mashahidi wengi walimwona mtu huyo mjini London siku ambayo unyang'anyi huo ulidaiwa kutendeka kwingine, na bado wauza kuku wale wakaonekana na hatia kwa ajili ya makubaliano yao tu. Ndiyo maana Mahakama ya Rufani ya Tanzania imesema zaidi ya mara moja kwamba si sahihi kumshtaki mtu kwa kula njama na papo hapo kumshtaki kwa kosa lile lile ambalo njama hiyo ilikusudia na ambalo limekwisha kutendwa.

Sasa makubaliano yaliyofanywa faraghani huthibitishwaje? Ni nadra upande wa mashtaka kumpata shahidi aliyekuwapo kikaoni, kwa hiyo mahakama huyasoma makubaliano katika mwenendo wa watu. Tuseme karani wa ghala amepunguza magunia 40 kwenye daftari mchana, mlinzi ameacha lango bila kufuli saa nane usiku, na dereva amefika dakika chache baadaye na lori lililofunikwa namba. Hakuna aliyewaona wakizungumza, lakini vitendo vitatu vinavyoingiana hivyo ni vigumu kuvieleza kwa njia nyingine, na ugumu huo ndio ushahidi. Undugu, urafiki au kuketi baraza moja kila jioni havitoshi. Hata kujua wenzako wanapanga nini hakutoshi, kama hukukubali.

Sheria ya Ushahidi ya Kenya, kifungu cha 10, na ile ya Tanzania, kifungu cha 12 katika toleo hilo hilo la 2022, zimerithi kanuni ya sheria ya ushahidi ya India ya 1872. Pakiwa na sababu ya msingi ya kuamini kwamba njama ipo, alichosema, alichotenda au alichoandika mmoja kuhusu nia yao huweza kutumika dhidi ya wote. Mpaka wake ulielezwa katika rufaa iliyotoka India mwaka 1940. Barua ambazo mwanamke mmoja na mpenzi wake waliandikiana kabla ya mume wa mwanamke huyo kuuawa, wakitafuta fedha za kumlipa muuaji, zilikubaliwa. Maelezo aliyoyatoa mwanamke huyo mbele ya hakimu baada ya kukamatwa hayakukubaliwa kwa kifungu hicho, kwa kuwa njama ilikuwa imekwisha na alikuwa anasimulia yaliyopita. Ungamo la mshtakiwa mwenza lina kanuni yake tofauti, na Tanzania hairuhusu mtu atiwe hatiani kwa ungamo la mwenzake peke yake.

Mtangazaji yule angesema kwamba mtuhumiwa "alipanga wizi huo kwa miezi miwili", asingekosea. Siku hati ya mashtaka ikitaja wawili, aseme kwamba wanadaiwa kula njama, na akipata nafasi aeleze walidaiwa kukubaliana nini, maana hilo ndilo hakimu atakalotaka kuthibitishiwa kabla ya kuuliza kama kitu kiliibwa.